Saa ya Kurudi: Kuchagua Haiking Ngumu ya Siku Moja Kwenye Milima ya Oman

Assalaam alaykum, habari za jioni. Huko nyuma sogeeni, kuna viti huku mbele, msisimame mlangoni. Haya. Wengi wenu mmekuja Maskati kwa likizo hii ya Disemba, wengine mmefikia kwa shangazi, wengine kwa ami, na nimeambiwa kuna kundi zima la Mombasa limeshachagua njia ya kupanda Jumamosi na limeichagua kwa picha iliyotumwa kwenye grupu. Ndo mana nimekuja. Jambo hili nimelisema mara nyingi, watoto wangu nikianza sentensi wanaimaliza wao, lakini ntalisema tena mana kila Disemba wageni ni wapya.

Jambo lenyewe ni hili: ukitaka kuchagua njia ngumu ya siku moja huku kwenye Hajar, milima hii ya Oman, anza na saa ya kurudi. Usianze na kilele, usianze na kilomita, na picha usiitazame kabisa. Unajiuliza jua linazama saa ngapi, nataka niwe nimeshafika kwenye gari saa ngapi, halafu unahesabu kinyumenyume mpaka uifikie asubuhi. Hesabu ikigoma, njia hiyo si yako kwa siku hiyo. Pengine ni yako wiki ijayo ukiamka mapema, au ukilala huko huko juu kwenye hema. Ugumu wa njia sio tatizo, mimi napenda njia ngumu na nataka mzipende, sikuja hapa kuwaambia mkae nyumbani mle halwa.

Sasa kwa nini saa? Mana sisi watu wa ikweta tuna saa imekaa mwilini. Unguja, Mombasa, Dar, jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na linazama kwenye saa kumi na mbili, tofauti ya mwezi na mwezi ni ndogo, na hata tunavyohesabu saa tumehesabu hivo hivo, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Kwa hivo mtu wa kwetu akiambiwa siku moja, kichwani anaona masaa kumi na mbili ya mwanga bila hata kufikiri. Huku Disemba jua linatoka saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi, linazama saa kumi na moja na nusu jioni. Hesabu wenyewe, hayafiki masaa kumi na moja. Zaidi ya saa nzima imeibiwa na hakuna aliyekwambia. Na hapo nimesema jua la kwenye kalenda, mana ukiwa ndani ya korongo mlima unakuchukulia jua mapema zaidi, saa tisa na nusu ushaingia kivulini na mwili unaanza kupoa.

Ntawapa kisa changu, na walioshakisikia wanisamehe.

Miaka kadhaa nyuma kaka yangu alikuja na familia yake kutoka Dar, na kijana wake, mtoto wangu huyo, miguu ya mpira, kifua kama mlango, ana cheti cha Kilimanjaro amekifremu. Akasema shangazi nataka W4. W4 mnaijua, ile njia ya Jebel Shams inayoenda mpaka kilele cha kusini, karibu mita 3,000, mana kile cha kaskazini ni eneo la jeshi hakipandwi. Nikakubali. Na kosa la siku ile naliweka kwangu, mana mimi ndo mwenyeji na mimi ndo nilokuwa naujua mlima.

Tulitoka Maskati tumechelewa. Kwanza mandazi, halafu mafuta ya gari, halafu Nizwa mtu akataka kuona soko, halafu Al Hamra tukasimama kwa chai, halafu ile barabara ya vumbi ya juu ambayo huwezi kuikimbiza. Tukaanza kupanda saa nne kasoro robo. Wifi yangu, mama yake kijana, akabaki kwenye gari na wadogo. Tulikuwa wanne, tochi ya kichwani moja, ya kwangu, na maji kila mtu lita mbili.

Mwanzo ilikuwa raha. Hewa kavu, baridi kidogo, hutoki jasho. Hapo nisikilizeni vizuri. Jasho unatoka, ila hulioni. Kwetu pwani shati linalowa, unajua umetoka maji. Huku linakauka kabla halijashuka, unajiona mkavu kabisa, halafu mchana unageuka unamuona mwenzako mgongoni ana ramani nyeupe ya chumvi. Hayo ndo maji yalokwenda. Sisi saa sita kila mtu alishamaliza nusu, na kilele hata hatujakikaribia.

Saa nane tukafika kwenye bega moja la mlima na kilele kikaonekana. Kile pale! Wallahi unaona kama kuvuka uwanja wa mpira. Hewa ya jangwani haina unyevu, vitu vya mbali vinaonekana vikali kama vya karibu, na jicho letu la pwani lililozoea ukungu wa bahari linapima vibaya. Kijana akasema, shangazi nusu saa tu. Mimi nlitazama saa yangu. Nlijua. Moyoni nlijua tugeuke pale pale, lakini nikamtazama usoni, kasafiri kutoka Dar, nikaona haya kumkatalia mgeni. Adabu yetu ya kumkirimu mgeni ni nzuri sana mezani, ila kwenye mlima imenipeleka pabaya.

Nusu saa ile ikawa saa nzima na nusu. Saa tisa na nusu tuko juu. Tukapiga picha, nzuri, ipo mpaka leo ukutani kwa kaka yangu, na kila nikiiona mimi natazama vivuli vyetu chini, virefu vile. Kivuli kirefu vile kileleni maana yake mmeshachelewa.

Kushuka si haraka kama mnavyofikiri, kwenye mawe yale kushuka ni goti. Jua likazama tuna kilomita tano mbele yetu. Ile rangi iliyopakwa kwenye mawe kuonyesha njia, mistari mitatu, njano na nyeupe na nyekundu, mchana unaiona mbali, usiku ukiwa na mwanga wa simu unaiona ukishaikanyaga. Baridi ikaingia, Disemba usiku kule juu inakaribia sufuri, na sisi tuna mashati yaleyale ya asubuhi. Maji yamebaki chupa moja kwa watu wanne. Mtandao wa simu unakuja unapotea.

Hapo ndo wifi yangu kule chini akafanya kitu alichokiona sawa, na mama yeyote angekifanya. Akaligeuza gari likatazama mlimani akawasha taa kubwa ili tuone tulipotoka. Sisi juu tukaona zile taa mbili, na kijana akasema, ile pale, twende moja kwa moja. Na akaanza kutembea. Nlimshika begi nikavuta kwa nguvu zangu zote tukaanguka wote wawili, mana baina yetu na zile taa kulikuwa na genge. Korongo la Nakhar lina kama mita elfu moja kwenda chini. Gizani hulioni, unaona taa tu, na taa inakuita.

Tukaanza upya, taratibu. Mwenye tochi anasimama kwenye alama, mmoja anatangulia hatua chache kutafuta alama ya pili, akiipata anaita, ndo wengine wanasogea. Jiwe kwa jiwe. Tulifika saa nne usiku. Wifi yangu hakunisemesha mpaka tumefika Nizwa, na mimi sikumlaumu.

Sasa, najua kuna mtu anasema moyoni, bi mkubwa huyo mpwa wako alikuwa mzembe, mimi nimepanda Kilimanjaro vizuri. Na yeye alipanda vizuri! Mita 5,895, hakuna aliyemnyang'anya. Lakini Kilimanjaro ulikuwa na wapagazi, ulikuwa na mpishi, maji yamechemshwa yanakungoja, kuna mtu kazi yake ni kukwambia pole pole, na ulikuwa na siku tano, sita, ukichelewa leo unalala kambini. Ule ni mlima uliobebewa. Huku unajibeba mwenyewe na siku ni hiyo hiyo moja. Ukinipa mfano wa Kilimanjaro mimi ntakuuliza Ol Doinyo Lengai. Mita 2,962, karibu sawa na Jebel Shams, na wanaopeleka watu kule wanaanza kupanda usiku wa manane ili alfajiri wawe juu na jua la utosi lisiwakute kwenye mteremko ule usio na kivuli. Kwa hivo elimu hii tunayo kwetu, hatukuja kufundishwa na mtu. Tukipanda ndege tu tunaiacha uwanjani.

Mwengine atasema, nina apu, imeandika kilomita kumi. Kilomita kumi! Apu imepima ardhi kama kitambaa. Kuna kanuni ya zamani ya Mskochi mmoja, William Naismith, aliiandika mwaka 1892: kila kilomita tano weka saa moja, halafu kila mita 600 za kupanda ongeza saa moja nyengine. Tuipeleke W4. Kwenda ni kama kilomita kumi, hapo masaa mawili. Kupanda ni kama mita elfu moja, hapo saa moja na dakika arubaini. Jumla masaa matatu na dakika arubaini. Lakini yule Naismith alikuwa anatembea kwao, kwenye mvua na majani, hakuwa kwenye mawe ya chokaa. Mawe yale ya Jebel Shams zamani yalikuwa chini ya bahari, ni ndugu wa yale mawe yetu ya maweni kule Makunduchi, makali, yanakula soli ya raba kama msasa, kila hatua unatazama unapoweka mguu. Mimi naongeza nusu yake. Inakuja masaa matano na nusu kupanda. Kushuka weka manne. Tisa na nusu, na bado hujasali, hujala, hujapumzika. Mwanga ulionao haufiki masaa kumi na moja. Mnaona sasa? W4 kwa siku moja Disemba inawezekana, inawezekana vizuri kabisa, lakini mlango wake ni mmoja: mguu wa kwanza unaanza jua linapotoka. Ukiwa umelala Maskati na gari ni zaidi ya masaa matatu, maana yake unatoka nyumbani saa tisa usiku. Au ulale juu kwenye tambarare siku moja kabla, na mimi nasema lala juu.

Na saa ya kugeuka inapangwa chini, kwenye gari, watu wakiwa na akili zao na chai tumboni. Kwa W4 saa yangu ni saa sita na nusu. Popote mlipo, hata kilele kiko mbele mnakigusa, saa sita na nusu mnageuka. Anayesema nusu saa tu, mnamwambia tulikubaliana. Na maji hivo hivo, chupa zikifika nusu na hujafika unakokwenda, umeshafika.

Kuhusu maji niseme kidogo mana watu hawaniamini. Lita nne kwa mtu kwa siku nzima, tano kukiwa na joto. Ndio ni nzito, lita moja ni kilo moja, na kilo hizo ni sehemu ya ugumu wa njia, uzihesabu unapochagua. Msitegemee chemchemi. Mlima wa chokaa haukai na maji juu, yasokimbilia bondeni yanapita kwenye nyufa yanakwenda kutokea chini kabisa, ndo mana mifereji ya aflaj na mitende iko miguuni mwa mlima kule Birkat al Mouz na Nizwa, na juu ni pakavu kama kigae. Na chumvi msisahau. Ukinywa maji matupu mengi siku nzima bila chumvi unaweza kuumwa vibaya, kichwa kinagonga, unatapika, unachanganyikiwa, watu wanadhani ni kiu wanakupa maji zaidi. Tende, korosho za chumvi, paketi za ORS za dukani, ule unga wa chumvi na sukari, basi.

"Sisi tumezoea joto." Nlijua itakuja. Umezoea joto la kivuli cha mwembe, na bahari inapuliza. Na juu kule Disemba hakuna hata joto, kuna ubaridi mzuri unaokudanganya huku jua linakuchoma. Kiangazi ndo joto, na kiangazi sitaki kukusikia unataja njia ngumu. Juni 2018 pale Qurayyat joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa masaa 24 mazima, usiku umo ndani. Haiking huku ni Oktoba mpaka Aprili, nje ya hapo nenda baharini.

Sasa kwa wale ambao hesabu ya W4 imewagomea, na wengi wenu itawagoma kwa sababu nawajua mnavyoamka, msinune. Kuna W6, ile ya balkoni, unaanza kijiji cha Al Khitaym unatembea ubavuni mwa korongo mpaka kijiji kilichohamwa cha Sab Bani Khamis, nyumba zimejibanza chini ya mwamba, makonde ya ngazi bado yanaonekana. Kwenda na kurudi masaa matatu mpaka matano. Watu wanaiita rahisi mana haipandi sana. Mimi siiti rahisi, upande mmoja ukuta na upande mmoja hewa, na mtu mwenye hofu ya urefu atateseka kuliko kwenye W4. Ugumu una aina nyingi. Mwengine mapafu yake mazuri lakini akiona genge magoti yanalegea, mwengine haogopi kitu ila goti lake la kushoto ni bovu. Jijue wewe ni yupi, na ukiwa na kundi, chagua kwa ajili ya yule aliye dhaifu siku hiyo, na usimtangaze.

Halafu kuna njia zinazoanza kwa kushuka, hizo ndo nazichukia mgeni akizichagua peke yake. Unasimama ukingoni, unaona mitende chini kabisa, unateremka unaimba, saa sita uko chini, joto limezidi mana kila ukishuka linapanda, na nusu iliyobaki yote ni kupanda, ukiwa umechoka, jua liko utosini. Kule Arizona, Marekani, kwenye Grand Canyon yenyewe, mbuga imeweka onyo kabisa: usijaribu kushuka mpaka mtoni na kurudi siku hiyo hiyo. Na wale wana walinzi na mabomba ya maji njiani. Sisi korongo tunalo, mabomba hatuna.

Naona muda, mwenye ukumbi ananionyesha vidole, kwa hivo haya yaliyobaki naharakisha, ingawa la wadi lilistahili jioni yake peke yake.

Wadi. Bonde kavu, changarawe, kivuli, vidimbwi, Wadi Shab na Wadi Tiwi mmeziona zinavyopendeza. Mvua ikinyesha mlimani mbali huko usipoiona wewe, maji yanakuja kwako na mbingu yako ni ya buluu. Jiwe halinywi haraka, maji yote yanakimbia pamoja. Aprili 2024 kule Sharqiya wadi ilichukua gari lenye wanafunzi, watoto wakafa. Watoto wa hapa, wenyeji. Kwa hivo utabiri ukitaja mvua popote kwenye Hajar, wadi haiendwi, hata kama umeshalipia gari. Ukiwa ndani na maji yakabadilika rangi au ukasikia ngurumo isiyokatika, acha begi, panda juu, usikimbie kufuata bonde.

Gari: kwenda Jebel Akhdar pale Birkat al Mouz kuna kizuizi cha polisi, bila gari ya fowili hupiti, msiende kubishana nao. Viatu, buti zenye soli ngumu, na ziwe zimeshavaliwa, sio mpya za jana. Kina dada, abaya ndefu kwenye mawe inakanyagwa, vaeni suruali pana na kanzu fupi inayofika magotini, stara ipo na miguu iko huru. Tochi ya kichwani kila mtu, hata njia ya masaa matatu. Namba ya dharura ni 9999, lakini msiifanye mpango, kuna sehemu simu haishiki. Muhimu kuliko simu ni mtu aliyebaki nyumbani anayejua njia mliyokwenda na saa mliyosema mtarudi.

Mwongozaji? Ndio, chukueni, hasa wa vijiji vile vile, lakini na yeye muulizeni saa ya kugeuka ni ngapi. Akicheka, tafuteni mwengine.

Nani kanyoosha mkono? Ndio baba. Anauliza Jumamosi wale wa Mombasa waende au wasiende. Niambie kwanza mnaanza kutembea saa ngapi... Saa tatu. Basi Jumamosi ni W6, na mtaipenda. Wanaotaka W4 waje na mimi Ijumaa ijayo, tunapanda na mahema mchana, tunalala juu, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tuko njiani. Lita nne kila mmoja na tochi yenye bateri mpya, mabegi ntayafungua mwenyewe kabla hatujaondoka, na wifi yangu kasema safari hii anakuja, lakini taa za gari hawashi.